Ghorofa letu ni lile lenye msonge



Ukikaa na sisi jioni hapa Dzaleka, pale tunapochajia simu, lazima utasikia ubishi wa maghorofa. Mmoja anasema hakuna kama Empire State ya New York, ghorofa 102, ilimalizwa 1931. Mwingine anacheka: Willis Tower ya Chicago ina ghorofa 110, mita 442, hilo lako ni katoto! Na yule anayesubiri kesi yake ya Marekani ndiye anaongea kwa sauti kubwa kabisa, kama vile ameshapewa ufunguo.

Sisi hatuyadharau. Hiyo Willis, mhandisi wake Fazlur Khan alizaliwa Dhaka, siyo Marekani. Alisimamisha minara 9 iliyoshikana, kama fito zilizofungwa mzigo mmoja, ili upepo usiishinde. Hiyo ni akili.

Lakini kura yetu inaenda Nairobi, kwa KICC. Ghorofa 28 tu, mita 105. Lilikamilika 1973, likachorwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norway pamoja na David Mutiso, Mkenya. Tunalipendea nini? Pembeni ya mnara kuna ukumbi wenye paa la msonge, na kuta zina rangi ya udongo uliochomwa. Yaani nyumba ya bibi imeingia mjini, imesimama kati ya mabenki, na haioni aibu.

Sasa tuambizane ukweli. Hapa kwetu kijana anayefyatua matofali na kujenga tunamwita "fundi wa matope". Ubishi ukianza, yeye ananyamaza. Tunaona hilo ni kosa letu. Sisi wa simu tunajua kuhesabu ghorofa tu. Yeye anajua kwa nini ukuta wa jirani ulipasuka mvua ilipokuja, na kwa nini wa kwake bado umesimama. Khan na Mutiso nao walianza na maswali kama hayo: upepo, mzigo, udongo.

Kuota Chicago siyo dhambi. Lakini usiote Chicago huku unaona haya kwa tofali lililokulaza usiku.

Basi kesho jioni, kabla hatujafungua picha, tumpe fundi kiti. Tumuulize kwanza: msingi uende chini kiasi gani? Na mwenye daftari aandike.