Mbashiri wa farasi na karo ya mwanafunzi

Yeyote aliyewahi kupita katika Barabara ya Racecourse jijini Nairobi, upande wa Kariokor, huenda amejiuliza jina hilo lilitoka wapi. Farasi hawapo pale. Kuna matatu, mikokoteni na wachuuzi. Hata hivyo, jina hilo lina asili yake. Mbio za farasi zilianza Nairobi mnamo mwaka wa 1904, mji wenyewe ukiwa ungali mchanga, na kwa takriban nusu karne zilifanyika upande huo. Mwaka wa 1954 zilihamishiwa Barabara ya Ngong, ambako zingali zinaendeshwa hadi leo.

Nimeanza na kumbukumbu hiyo kwa sababu nakusudia kuzungumzia jambo ambalo walimu wengi huenda wakaliona halina uhusiano wowote na darasa: kazi ya kuchambua mbio za siku moja na kuwateua farasi wanaoelekea kushinda. Ni kazi kongwe. Magazeti ya nchi nyingi yamewatengea wachambuzi hao nafasi kwa vizazi kadhaa, na wapo wasomaji wanaoufungua ukurasa huo kabla ya kutazama habari za Bunge.

Kilichonisukuma ni kisa cha kijana mmoja niliyemfunza zamani, ambaye sasa yuko chuoni. Alinijia jioni moja na simu mkononi. Katika simu ile mlikuwa na bashiri za mechi za kandanda alizozinunua kwa shilingi 200 kila moja, kutoka kwa mtu ambaye hakuwahi kuonana naye ana kwa ana. Karo ya muhula ilikuwa imekwisha kuteketea.

“Mwalimu,” aliniambia, “huyu mtu anajua. Mechi tatu za kwanza alipatia zote.”

Sikumkemea. Nilimuuliza tu: anajua nini, na amelijuaje? Hakuwa na jibu. Nami nikaona kuwa jibu la swali hilo laweza kupatikana kwa wepesi zaidi kule Ngong kuliko katika simu yake, kwa kuwa kamari ya kandanda imerithi hesabu zake nyingi kutoka kwa mbio za farasi, na kule uwanjani hesabu hizo zinaonekana waziwazi.

Hebu tutazame kwanza jinsi mchambuzi mwaminifu anavyofanya kazi. Mbele yake pana jedwali la mbio za siku hiyo, tuseme mashindano saba. Kwa kila farasi ataona umri, jina la mkufunzi, jina la mpandaji, uzito atakaoubeba, na mfululizo wa nafasi alizomaliza katika mbio zilizopita. Msomaji limbukeni hutazama nafasi hizo peke yake. Akiona farasi fulani alikuwa wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa kwanza tena, hukata shauri papo hapo. Mchambuzi huuliza zaidi. Alishinda mbio za urefu gani? Farasi mwenye kasi ya mita 1,200 aweza kuishiwa na pumzi kabisa katika mita 2,400. Je, alishindana na farasi wa daraja gani? Kumshinda dhaifu si sawa na kushindwa kwa pua na hodari. Je, ardhi ilikuwa kavu siku ile, ilhali usiku wa kuamkia leo mvua imenyesha? Amepumzika majuma mangapi? Mpandaji aliyemshindisha ndiye atakayempanda leo, au amechagua farasi mwingine wa zizi hilohilo? Swali hili la mwisho mimi hulipenda sana, maana mpandaji anawajua farasi wote wawili, na uchaguzi wake unasema mengi kuliko maneno ya mkufunzi.

Kisha lipo jambo la uzito, ambalo ndilo kiini cha mchezo wenyewe. Katika mashindano mengi farasi hawabebi mizigo iliyo sawa. Kuna ofisa ambaye kazi yake ni kuwapima kwa matokeo yao ya awali na kumwongezea uzito yule aliye bora, kwa vipande vya risasi vinavyotiwa kwenye tandiko, na kumpunguzia aliye hafifu. Lengo lake, akifaulu kikamilifu, ni farasi wote wafike kwenye utepe kwa pamoja. Natumai msomaji ameiona maana yake. Mchambuzi anajitahidi kuwatofautisha farasi, na katika uwanja huohuo yupo mtaalamu anayelipwa ili tofauti hizo zifutike.

Mzee mmoja aliyewahi kuwa mtunza farasi aliniambia, tukiwa tumesimama kando ya uwanja mdogo ambako farasi huzungushwa kabla ya mbio: “Mwanangu, weka karatasi hiyo mfukoni umtazame farasi.” Akanionyesha mmoja aliyekuwa akitoka jasho shingoni na kutupa kichwa huku na huko kabla hata hajatandikwa. Huyo, akasema, anakimbia sasa hivi. Wakati wa mbio atakuwa amechoka. Sikumbuki farasi yule alimaliza wa ngapi. Ninachokumbuka ni kwamba mzee alitoa sababu, nami ningeweza kuipima kwa macho yangu mwenyewe.

Sasa tuje kwenye fedha. Mfumo wa kuweka madau yote katika kapu moja ulibuniwa na Joseph Oller huko Paris katika miaka ya 1860, na mpaka leo ndio unaotumika katika viwanja vingi duniani. Chukua mfano wa darasani. Watu wameweka jumla ya shilingi 100,000 katika shindano moja. Mwenye kapu anakata sehemu yake kwanza, tuseme asilimia 20. Zinabaki 80,000. Ikiwa farasi anayepigiwa upatu ndiye aliyewekewa 40,000, akishinda kila shilingi italipwa shilingi mbili. Ikiwa farasi asiyejulikana aliwekewa 2,000 tu, akishinda kila shilingi italipwa 40.

Tazama vizuri hesabu hiyo. Malipo hayakutokana na miguu ya farasi. Yametokana na maoni ya watu waliosimama kwenye foleni ya dirishani. Kwa hiyo haitoshi mchambuzi kumjua farasi aliye bora, maana hata umati unamjua, nao umekwisha kuishusha bei yake. Yampasa ajue ni wapi umati umekosea, na kosa hilo liwe kubwa kuliko zile asilimia 20 zilizokatwa kabla farasi hawajatoka. Ukirejeshewa kwa wastani shilingi 80 kwa kila 100, nawe ukizicheza tena na tena, baada ya mizunguko kumi 100 yako itakuwa imebaki karibu shilingi 11. Mwalimu wa hisabati anaweza kuiandika ubaoni bila kutaja farasi hata mmoja.

Je, umati hukosea? Hukosea, tena nyakati nyingine kwa kishindo. Tarehe 7 Mei 2022, katika uwanja wa Churchill Downs huko Louisville, Marekani, farasi 20 walipanga mstari kwa ajili ya Kentucky Derby. Mmoja wao, Rich Strike, hakuwa hata kwenye orodha hadi siku iliyotangulia, alipojiondoa farasi mwingine na yeye akaingizwa muda mchache kabla ya mlango kufungwa. Alikuwa amenunuliwa kwa dola 30,000 na alikuwa na ushindi mmoja tu maishani. Bei yake ilikuwa 80 kwa 1. Farasi wa mbele waliianza mbio kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana katika robo maili ya kwanza ya shindano hilo: sekunde 21.78. Bila shaka walichoka. Epicenter, aliyepigiwa upatu, akachukua uongozi pamoja na Zandon wakikabana bega kwa bega, na umati ukaamini kuwa mshindi ni mmoja kati ya hao wawili. Rich Strike akapenya kwa ndani, ukutani, akawapita wote wawili. Tikiti ya dola mbili ililipa dola 163.60.

Kesho yake kila mtu akawa na hekima. Wakafukua jedwali na kukuta kwamba ule ushindi wake mmoja aliupata katika uwanja huohuo, kwa kuwaacha wenzake umbali wa urefu wa farasi 17 na zaidi. Wakasema kuwa mbio ndefu zenye mwanzo wa kasi ndizo hasa zinazomfaa farasi wa kuja nyuma. Yote hayo yalikuwa kweli, na yote yalikuwa yamechapishwa siku ya Jumamosi asubuhi. Lakini mwezi uliofuata, katika Belmont Stakes, farasi huyohuyo alimaliza wa sita kati ya wanane.

Uingereza nao hawajasahau mwaka wa 1967, pale katika Grand National farasi asiye na mpandaji alipowazuia wenzake mbele ya kizuizi cha 23, wote wakarundikana, na Foinavon, aliyekuwa nyuma sana kiasi cha kupata nafasi ya kuwakwepa, akashinda kwa bei ya 100 kwa 1. Hapo sidhani kama kuna jedwali ambalo lingemsaidia mtu.

Visa vya namna hiyo ndivyo vinavyosimuliwa, na kusimuliwa kwake kuna madhara. Kwa kawaida farasi anayepigiwa upatu hushinda takriban shindano moja katika kila matatu. Maana yake ni kwamba mchambuzi hodari, anayewateua hao tu, atakosea mara mbili katika tatu na bado hatakuwa amefanya kazi vibaya. Tena mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Griffith, alionyesha mwaka wa 1949 kuwa watu huwawekea farasi dhaifu fedha nyingi kuliko wanavyostahili, na huwawekea wale bora fedha pungufu. Tunavutiwa na ile 80 kwa 1. Kijana wangu naye alivutiwa hivyo hivyo, ila yeye alifunganisha matokeo saba katika tikiti moja. Hata kama kila teuo lina nafasi moja katika tatu, yote saba yana nafasi moja katika 2,187.

Lakini mtu wake yule alipatia mara tatu mfululizo! Naam, na hila yenyewe ni ya zamani. Mtu anawatumia ujumbe watu 800. Nusu anawaambia timu ya nyumbani itashinda, nusu anawaambia haitashinda. Baada ya mechi anawasahau 400 aliowadanganya, anawagawa waliobaki, anarudia. Baada ya mechi tatu kuna watu 100 ambao wamemwona kwa macho yao akipatia zote tatu. Hao 100 ndio anaowauzia. Siwezi kuapa kuwa ndivyo alivyofanyiwa kijana yule, lakini naona hakuwa na njia yoyote ya kujua kwamba sivyo.

Hapa ndipo ninapomtetea mchambuzi wa gazeti, ambaye wengi humcheka. Huyu huandika sababu zake. Huzichapisha kwa wasomaji wote, maneno yaleyale. Jumatatu matokeo hutokea katika gazeti lilelile, na mwenye kutaka aweza kukata kurasa hizo na kuhesabu. Muuzaji wa simuni hana hata kimoja kati ya hivyo. Ujumbe wa juma lililopita ameufuta.

Najua wapo walimu watakaosema kuwa kulileta jedwali la mbio darasani ni kuwafundisha watoto kamari. Naiheshimu hofu hiyo, hasa ya wenzetu ambao kwa dini zao kamari ni haramu, nami simwombi mtu yeyote aweke dau. Ila tusisahau kwamba hisabati ya uwezekano, tunayoifundisha shuleni kwa mipira myekundu na myeusi ndani ya mfuko, ilipata msingi wake mwaka wa 1654 kutokana na barua ambazo Pascal na Fermat waliandikiana kuhusu mchezo wa kamari uliokatizwa kabla ya kumalizika. Wanafunzi wetu tayari wana kamari mfukoni, usiku na mchana. Ile mipira ya mfukoni haiwaambii ni nani aliyekata asilimia 20.

Nilimpa kijana yule daftari. Nikamwagiza asiweke hata senti moja, bali kila Jumapili achukue jedwali la Ngong, ateue farasi mmoja katika kila shindano, aandike sababu yake kwa sentensi moja kabla ya mbio, kisha aandike bei na matokeo, kana kwamba ameweka shilingi 100. Alirudi baada ya Jumapili sita. Alikuwa na teuzi 40. Alipatia 13, jambo ambalo lilinifurahisha, kwani sababu zake za mwisho zilikuwa bora sana kuliko zile za mwanzo. Alikuwa amejifunza kutazama uzito, na aliandika mahali fulani kuhusu farasi aliyetoka jasho. Katika shilingi 4,000 za karatasi alikuwa amerejeshewa 3,360.

“Mwalimu,” akauliza, “nimepatia theluthi nzima. Hizi 640 zimekwenda wapi?”

Tukakaa mezani, tukachukua kalamu, tukaanza na lile kapu la 100,000. Karo ya muhula ule angali anailipa kwa mafungu, kwa kufundisha watoto wa jirani hesabu jioni.