Wamesema ni Uzembe wa Rubani

Basi likipinduka kwetu, kabla majeruhi hawajafikishwa hospitali huwa tumekwisha kuambiwa chanzo: uzembe wa dereva. Mashimo ya barabara hayatajwi, wala breki, wala tajiri aliyemtaka dereva aende na kurudi bila kulala. Hayo nimeyazoea. Kinachonikera ni kuwasikia watu wazima tena wasomi wakisema vivyo hivyo juu ya ndege zinazogongana zikiwa chini, wakidhani wamesema jambo.

Naam, chini. Wengi wetu tukisafiri kwa ndege huomba dua inapopaa na kushukuru matairi yanapogusa lami. Lakini ajali iliyoua watu wengi kuliko zote katika historia ya ndege ilitokea juu ya lami, tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos, kisiwa cha Tenerife, Hispania. Ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM ya Uholanzi na nyingine ya Pan Am ya Marekani, ziligongana wakafa watu 583.

Rubani wa KLM alianza kuruka bila ruhusa. Hilo ni kweli, wala silifichi. Lakini hebu tulitazame jambo lenyewe. Ndege hizo hazikupangiwa kutua pale. Bomu lilikuwa limelipuka katika uwanja wa kisiwa cha Gran Canaria, basi zikaelekezwa Los Rodeos, uwanja mdogo, pamoja na nyingine nyingi. Zikajazana hata njia ya pembeni ikazibwa, ikabidi ndege zitembee juu ya barabara ileile ya kurukia. Ukungu ukashuka. Mnara haukuwa na rada ya kuonyesha ndege zilizo chini. Msaidizi wa rubani wa KLM akatamka redioni maneno ambayo mmoja angeyaelewa kuwa “tunaruka”, na mwingine kuwa “tuko tayari kuruka”. Mwongoza ndege akajibu “sawa”, kisha akaongeza kwamba wasubiri. Papo hapo Pan Am nao wakasema bado wako barabarani. Sauti mbili zikakutana hewani, na ndani ya KLM ukasikika mlio tu.

Hata hapo palikuwa na nafasi ya kuokoka. Fundi aliyekaa nyuma ya marubani aliuliza kama yule Pan Am hajatoka. Rubani akajibu kwa mkazo kwamba ametoka. Fundi akanyamaza. Rubani huyo, Jacob Veldhuyzen van Zanten, alikuwa mwalimu wa marubani wenzake, na picha yake ilitumika katika matangazo ya shirika. Mimi niliyelelewa kutombishia mkubwa, najua kwamba na mimi ningenyamaza.

Sasa niambie, ukisema “uzembe wa rubani”, umeponya nini katika hayo yote? Waliochukua shida ya kuchunguza walibadili maneno ya redioni: neno la kuruka lisitamkwe ila ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa. Mashirika yakaanza kuwafundisha wadogo kusema na wakubwa kusikiliza. Dawa hiyo haikupatikana kwa kumlaani maiti.

Nitaulizwa: basi kila mtu asamehewe? Hasha. Tarehe 8 Oktoba 2001, katika uwanja wa Linate, Milano, ndege ndogo aina ya Cessna ilipotea njia katika ukungu ikaingia mbele ya ndege ya SAS iliyokuwa ikiruka. Walikufa watu 118, wanne kati yao wafanyakazi wa mizigo waliokuwa chini. Alama za njia zilikuwa zimefifia. Rubani alitaja alama aliyoiona, na mwongoza ndege hakujua kwamba alama hiyo ipo. Rada mpya ya chini ilikwisha kununuliwa, ila haikuwa ikifanya kazi. Uzembe ulikuwapo, tena mkubwa, lakini ulikuwa umekaa ofisini miaka mingi ukinywa kahawa. Mahakama ya Italia haikuishia kwa mtu wa mnarani, iliwatia hatiani na wakuu.

Na tusidhani ni mambo ya kale. Tarehe 2 Januari 2024, pale Haneda, Tokyo, ndege ya walinzi wa pwani ya Japani, iliyopakia misaada ya waliopatwa na tetemeko la Noto, iliambiwa kwamba ni namba moja katika foleni. Wakaelewa wameruhusiwa kuingia barabarani, wakasimama humo kama sekunde 40. Ndege ya Japan Airlines iliyokuwa ikitua ikawagonga. Abiria na wahudumu wake wote 379 walitoka salama. Katika ndege ndogo walikufa watano kati ya sita. Mnarani palikuwa na kioo cha kuonya kwa rangi, na rangi ilibadilika, ila mwongoza ndege hakuitambua. Siku chache baadaye wakuu waliweka mtu wa kukitazama kioo hicho muda wote.