Ukifeli Utakuwa Mwalimu

Ipo sentensi moja ambayo watoto wengi wa Tanzania huisikia kabla hawajafika darasa la tano. Huisikia nyumbani, huisikia kwenye daladala, na linalosikitisha zaidi ni kwamba wengine huisikia darasani, kutoka kinywani mwa mwalimu mwenyewe: "Wewe endelea kucheza tu, ukifeli utakuwa mwalimu." Husemwa kwa mzaha na watu hucheka. Mimi nimefundisha shule za msingi na za sekondari kwa miaka thelathini na minne, na kicheko hicho sijakizoea. Naandika kuipinga sentensi hiyo na kuwapinga wanaoitumia, wakiwamo rafiki zangu.

Siku hizi tunazungumza sana juu ya afya ya akili ya wanafunzi. Semina zinafanyika, mabango yanabandikwa, na shule zinatakiwa ziwe na mwalimu wa ushauri nasaha. Sina ugomvi na hayo. Ugomvi wangu ni kwamba tunataka kumtuliza mtoto kwa mkono wa mtu ambaye sisi wenyewe tumekwisha kumvuruga. Fikiri, ndugu msomaji. Saa moja asubuhi mwalimu yuko getini na fimbo, anawangoja wachelewaji. Saa nne mwalimu yule yule anatakiwa akae na mmoja wao chini ya mwembe, amwulize kwa upole, "Mwanangu, kitu gani kinakusumbua?" Mtoto si mpumbavu. Atajibu, "Hakuna kitu, mwalimu," kisha atainuka na shida yake aondoke nayo. Nimepata kufanya kazi katika shule ambako nidhamu na ushauri vilikuwa ofisi moja, na fimbo zilisimamishwa kwenye kona, nyuma ya kiti cha mshauri.

Lakini tusimwangukie mwalimu huyo upesi. Tuulize kwanza amefikaje pale.

Mwaka 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma ikaamua kwamba ifikapo 1977 watoto wote wa umri wa kwenda shule wawe wanasoma. Lilikuwa azimio la heshima, nami sitalikejeli. Lakini watoto walikuja wengi kuliko walimu, na vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakafundishwa kazi huku wakiifanya. Wengi wao walijituma kuliko sisi tuliofuata. Je, waliitwaje mitaani? Mpango ule ulijulikana kwa herufi zake za Kiingereza, UPE, na wenye ndimi zao wakazifasiri upya: Ualimu Pasipo Elimu. Miaka thelathini baadaye sekondari za kata zikajengwa kwa haraka ile ile, na vijana waliotoka kidato cha sita wakapewa mafunzo ya wiki chache, wakapelekwa kufundisha. Hao nao wakapata jina lao, "voda fasta", kwa mfano wa vocha ya simu. Niliwasikia wanafunzi wakilitamka jina hilo hatua tatu kutoka dirisha la ofisi ya walimu. Ndani ya ofisi hakuna aliyeinua kichwa. Kila mmoja alijifanya anasahihisha madaftari.

Kwa miaka mingi utaratibu wenyewe ulisema vivyo hivyo, ila kwa lugha ya serikali. Mwenye daraja la kwanza aliendelea na kidato cha tano. Mwenye daraja la nne aliambiwa chuo cha ualimu kipo. Sifa za kujiunga zilipandishwa baadaye, lakini fikra imebaki pale pale. Kisha ilipokuja Bodi ya Mikopo, wanaosomea ualimu wakawa miongoni mwa waliopewa kipaumbele, na vijana wakajaza ualimu ili wapate bumu. Siwalaumu. Ukiwa mtoto wa mkulima, mlango ulio wazi ndio unaoingia. Nilikuwa na desturi ya kuwauliza waliokuja kwetu kwenye mazoezi ya kufundisha, "Ulitaka kuwa nani?" Hakuna swali lililowanyamazisha kama hilo. Mmoja alitaka ufamasia. Mmoja alitaka kuwa fundi wa ndege. Mmoja, baada ya kufikiri sana, alinijibu kwamba hajawahi kuulizwa.

Basi tunacho kisa kamili: mtu ambaye hakuulizwa, amesimama mbele ya watoto sitini ambao nao hawataulizwa, na kila upande unajua kwamba mwingine ni ushahidi wa kushindwa. Mtoto humtazama mwalimu akaona adhabu inayomngoja akifeli. Mwalimu humtazama mtoto akaona mtu anayemcheka. Katika chumba cha namna hiyo unataka ushauri nasaha ufanye nini?

Na hii ndiyo nchi ambayo Rais wake wa kwanza aliitwa Mwalimu hadi akafa mwaka 1999, na hadi leo hatumtaji vinginevyo. Nyerere alifundisha Tabora, akafundisha Pugu, na mwaka 1955 akaacha kazi ili aongoze TANU. Yeye mwenyewe alipenda kusema kwamba ualimu aliuchagua, na siasa ilimjia tu. Picha yake tunaitundika ukutani juu ya kichwa cha mkuu wa shule, kisha chini ya picha hiyo tunamwambia mtoto kwamba kazi ile ni jalala. Ajabu hii sijapata anayeweza kunieleza.

Dharau ya maneno haiishii katika maneno. Februari 2009, Bukoba, mkuu wa wilaya aliamuru polisi wawachape viboko walimu 19 wa shule za msingi, kwa sababu ya kuchelewa kazini na kwa sababu wanafunzi wao walifanya vibaya katika mtihani. Watu wazima, baba na mama za watu, walichapwa mahali pa kazi kwa ajili ya wastani wa darasa la saba. Rais Kikwete alimfukuza kazi mkuu huyo wa wilaya, na alifanya vyema. Lakini mimi nilibaki na swali ambalo magazeti hayakulishughulikia: kesho yake asubuhi walimu wale waliingia darasani. Waliingia na uso gani? Na ile fimbo iliyoegemea ubao, nani aliishika, na kwa moyo gani?

Sasa tazama upande wa mtoto. Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne cha mwaka 2012. Katika watahiniwa wasiopungua 397,000, zaidi ya 240,000 walipata sifuri. Nchi ilitikisika, Waziri Mkuu akaunda tume, matokeo yakafutwa, yakapangwa upya, na maelfu waliokuwa wamefeli mwezi Februari wakawa wamefaulu kabla nusu ya mwaka haijaisha. Majibu waliyoyaandika yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni hesabu za ofisini. Nakuuliza: kijana aliyeambiwa Februari kwamba yeye ni sifuri, kisha akaambiwa kwamba kumbe si sifuri, katikati ya miezi ile alikuwa nani? Wapo waliofukuzwa nyumbani. Wapo waliokaa ndani wasitoke hata kwenda dukani. Na magazeti ya wakati ule yaliandika pia habari za waliojidhuru, ambazo sitazisimulia hapa. Ninachosema ni kwamba hatukuwa tumewafundisha watoto wale kwamba mtu na alama yake ni vitu viwili. Tuliwafundisha kinyume chake, kwa miaka kumi na moja, kila siku, kwa mzaha.

Ninakiri kwamba jambo moja limesogea. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Wenye shule za biashara walinung'unika, kwa maana tangazo lao la bure limekufa. Mimi nilifurahi. Ila mtaani bado tunatangaza wenyewe, kwa vipaza sauti na kwa simu za mkononi.

Watu wa rika langu hunijibu kwamba sisi tulichapwa, tukatishwa, tukadharauliwa, na bado tukawa watu. Hoja hii nimeichoka, lakini nitaijibu. Wanaoitoa ni wale waliobaki darasani. Wale waliotoroka darasa la nne kwa kuogopa fimbo hawamo katika mabaraza yetu kutoa ushahidi; wako mashambani na machimboni, na hakuna aliyewafuata kuwauliza. Tena hata sheria haiko upande wa wazee hawa kama wanavyodhani. Kanuni zinamruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, achape viboko visivyozidi vinne, na kila adhabu iandikwe katika daftari maalumu. Nenda shule iliyo jirani nawe uombe kuliona daftari hilo.

Wengine, wajanja zaidi, huniambia: "Mwalimu, nani basi aliyechagua? Maisha yametusukuma sote." Kweli, wengi tumesukumwa. Lakini kuna tofauti kati ya kusukumwa na njaa na kusukumwa na mzazi mwenye uwezo wa kukusikiliza. Nilikuwa na mwanafunzi, msichana, aliyepata daraja la kwanza na kutaka kuwa mwalimu wa hisabati. Alikuwa na kipawa hicho. Wenzake walimwendea jioni kabla ya kuja kwangu. Baba yake alikuja shuleni. Alikuwa mtu mwungwana, alinisalimu vizuri, akaketi, akasema, "Mwalimu, mimi nakuheshimu sana. Lakini huyu mtoto ana akili. Nisaidie asizipoteze." Aliyasema hayo mbele yangu, ndani ya ofisi ya walimu, wala hakuona kwamba ametukana mtu. Nilimwelewa, na nikajaribu kumweleza, hakunielewa. Binti alisoma udaktari, akamaliza, na kwa kila ninachosikia ni daktari mzuri. Tulipoonana baada ya miaka mingi tuliongea habari za watoto na za kazi. Kisha akaniambia, "Kila Januari shule zikifunguliwa, mwalimu, nikiwaona watoto na sare mpya, siku hiyo sitamani kusema na mtu." Hakulalamika zaidi ya hapo.

Sitaki msomaji aseme kwamba nadai madaktari wawe walimu. Nadai kwamba mtoto yule aulizwe, na jibu lake lisikilizwe kama jibu la mtu. Yule aliyetaka ndege na akapewa chaki, na huyu aliyetaka chaki akapewa kipimo cha moyo, wanaumwa ugonjwa mmoja, na hospitali zetu hazina dawa yake.

Na ile sentensi yenyewe sasa imekuwa uongo mtupu. Mwanzoni mwa mwaka 2025 waombaji zaidi ya 200,000 waligombea nafasi za ualimu 14,648 zilizotangazwa na serikali. Wengi walikuwa na shahada, wengine wamekaa nyumbani miaka saba, minane, wakiuza mitumba au kuendesha bodaboda. Kwa hiyo ukimwambia mtoto kwamba akifeli atakuwa mwalimu, humtishi hata kwa jambo la kweli. Waliofaulu wenyewe hawaupati ualimu. Hilo lingetosha kuwafunga watu midomo, lakini jana tu nimemsikia mama mmoja akilisema tena sokoni, huku akimvuta mwanawe mkono.

Walimu wenzangu nina neno nao pia. Hatuwezi kuilaumu jamii huku sisi wenyewe tukiwaambia wanafunzi wetu, "Msije mkawa kama mimi." Nimelisikia katika kila shule niliyofanya kazi. Anayelisema huona anampa mtoto moyo. Mtoto hulichukua lilivyo: kwamba mtu aliye mbele yake hajipendi, na kwamba anayoyasema hayana thamani, hisabati yake ikiwamo. Kama umechoka, na najua umechoka, na mshahara naujua, peleka malalamiko yako kwa chama, kwa mwajiri, kwa mbunge. Usimbebeshe mtoto wa miaka kumi na mitatu. Na kama wewe ndiye umepewa kazi ya ushauri nasaha, nenda kwa mkuu wa shule ukatae ya nidhamu. Mwambie achague moja. Atanung'unika kwamba walimu ni wachache, nawe umjibu kwamba ndiyo, ni wachache, lakini kazi mbili hizo hazikai katika mkono mmoja.

Kwa mzazi nina ombi dogo. Kidato cha nne mtoto hujaza machaguo ya tahasusi na vyuo kabla hajafanya mtihani wake. Zamani fomu zilipokuwa za karatasi, nilizipitia moja moja, na niliweza kuujua mwandiko wa mtu mzima pale panapotakiwa mwandiko wa mtoto. Nilizirudisha. Wazazi walikasirika, wengine wakaja hadi nyumbani kwangu usiku, lakini nilizirudisha. Sasa machaguo hurekebishwa kwa kompyuta na herufi zote zinafanana. Mwalimu anayezisoma hawezi tena kujua nani aliyebonyeza. Inabidi amwite mtoto, afunge mlango, amwulize yeye.