TUSIPITE PORI PEKE YETU



Mwezi wa tisa umerudi, kengele ya masomo imelia, na wengi wetu tumefika hapa Punia na matope mpaka magotini. Katika gazeti letu tumezoea kusema juu ya usafi wa darasa, juu ya mpira na juu ya ekzama ya Serikali. Leo tunataka kusema juu ya jambo ambalo haliko katika programu ya masomo, lakini kila mwaka linatugusa: ni njia ya pori, na desturi mbaya ya kuipita peke yako.

Wenzetu waliozaliwa mjini pengine watauliza: ni kitu gani hicho cha kuandikia gazeti? Lakini wale wanaotoka vijiji vya ndani wanaelewa. Kwao gari halifiki. Moto inafika wakati wa jua, na ikinyesha siku mbili inasimama. Wazee wanatuambia kwamba wakati wa makampuni ya bati, Symétain kwanza, kisha SOMINKI iliyoanzishwa mwaka 1976, barabara nyingi zilitengenezwa kwa sababu ya mawe yao. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka duniani, kampuni ikadhoofika, na katika miaka ya 1990 ikaisha. Pori halikungoja. Mahali ambapo kamio zilipita, leo pamebaki njia ya mguu, na miti imeota katikati. Basi mwanafunzi anaweka daftari zake katika mfuko wa plastiki, anaweka mchele na karanga, anavaa kambambili zake, anaanza safari ya siku mbili, siku tatu. Hiyo si aibu. Aibu ni kwamba wengi wanaifanya peke yao.

Tufanye hesabu kidogo, maana sisi ni watu wa masomo. Katika barabara nzuri mtu anatembea kilometa 4 au 5 kwa saa. Katika njia ya pori, na mzigo kichwani, na mizizi yenye utelezi, akipata 3 amejitahidi. Hapa karibu na ikweta jua linazama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, lakini chini ya miti mikubwa saa kumi na moja ni giza tayari. Kama umeondoka saa kumi na mbili asubuhi, ukapumzika, ukakula, ukangoja mvua ipite, unabaki na saa saba za kutembea. Saba mara tatu ni 21. Kwa hiyo kijiji cha kilometa 60 ni siku tatu, na usiku mbili. Mwenye kujidanganya kwamba atafika kwa siku mbili, njo yule analala njiani bila moto.

Katika nchi za Ulaya mwezi wa tisa ni mwanzo wa majira ambapo majani yanaanguka na baridi inakaribia. Kwetu majani hayaanguki yote pamoja, lakini mwezi huo una sheria yake: mvua kubwa inarudi. Kijito ulichokivuka mwezi wa saba maji yakiwa chini ya goti, sasa yako kifuani. Gogo lililowekwa kama daraja limechukuliwa. Lowa na Ulindi zinajaa, na zinapeleka maji yao katika Lualaba. Ni wakati huo hasa shule inatuita.

Kwa nini basi tunakwenda peke yetu? Tumesikiliza wenzetu, na sababu ni tatu.

Ya kwanza ni kujivuna. Kijana anasema: "Mie niko mwanaume, nitapita tu." Akifika, anasimulia katika dortoir, wadogo wanamsikiliza, na mwaka ujao mdogo mmoja naye atajaribu. Wengine wanaongeza: "Mbona wawindaji wanaingia pori peke yao?" Ni kweli, mwindaji anaingia peke yake. Lakini yeye anajua kila mti wa upande ule. Na kabla ya kuondoka anamwambia bibi yake: leo nitakuwa upande wa kijito fulani, nitarudi jioni. Asiporudi, watu wanajua pa kumtafuta. Sisi tunaondoka nyumbani, mama anafikiri tumefika shuleni. Shuleni wanafikiri tuko bado nyumbani. Katikati ya mawazo hayo mawili mtu anaweza kupotea wiki mbili, na hakuna hata mmoja anayeuliza.

Sababu ya pili ni haraka. Mwenye kuchelewa anaandikwa, anapewa malipizi, au anarudishwa kutafuta mzazi. Kijana ambaye wenzake wanasema, "Tungoje siku mbili, mama wa fulani anauza mchele apate feza ya shule," anaogopa, anaondoka peke yake. Hapo si kujivuna tena, ni woga. Anamwogopa prefe kuliko mto.

Sababu ya tatu ni kwamba hakuna wa kumsindikiza. Zamani kaka mkubwa au mjomba alisindikiza. Leo wakubwa wako katika mashimo ya kasiteriti na dhahabu, na kijijini wamebaki wamama, wazee na watoto.

Sasa tuseme wazi pori linafanya nini. Sisi watoto tunaogopa chui. Lakini chui anamkimbia mtu mara nyingi. Maji hayakimbii mtu, wala tawi bovu linalovunjika wakati wa upepo wa mvua. Kuna nyoka mnene wa pori ambaye rangi yake ni kama majani makavu. Hasogei, anangoja ukanyage. Tena kuna njia zenyewe. Wachimbaji wamefungua vinjia vingi, na njia yenye kukanyagwa sana si lazima iende kijijini: nyingine inaishia katika shimo lililojaa maji. Na katika sehemu nyingine kuna watu wenye silaha, na mbele yao mtoto mmoja hana shahidi.

Kila moja la mambo haya ni dogo kama muko wengi, na ni kubwa kama uko mumoja. Mguu ukiteguka, wenzako wanakata fimbo, wanachukua mzigo wako, jioni mnafika. Ukiwa peke yako, mguu uleule ni mwisho wa safari. Aliyeumwa na nyoka anapaswa kutulia, asikimbie, asikate kidonda, asikifunge kwa kamba ya kukaza damu, abebwe upesi kwa hospitali. Nani atambebea? Kwa hiyo sisi tunasema hata wawili ni kidogo. Watatu ni vizuri: mmoja akiumia, wa pili anakaa naye, wa tatu anakwenda kuita watu.

Wengine watasema siku hizi kuna telefone. Telefone ni kitu chema, lakini rezo inabaki mjini, na betri inakufa siku ya pili. Huko Amerika, mwaka 2013, mama mmoja alikuwa akitembea peke yake katika njia ndefu ya milima, njia ambayo maelfu ya watu wanaipita kwa kujifurahisha. Alitoka pembeni kidogo kujisaidia, asiione njia tena. Alijaribu kutuma habari kwa telefone, hazikupita. Watu wengi walimtafuta, wasimpate. Mwili wake ulionekana mwaka 2015, si mbali sana na njia, pamoja na daftari lililoonyesha kwamba aliishi pale zaidi ya wiki tatu akingoja. Hakukosa akili. Alikosa mtu wa kuita jina lake hatua ishirini nyuma yake.

Tuangalie pia historia ya nchi yetu ya Maniema. Vitabu vinasema "Stanley alipita pori". Alipita na nani? Aliondoka pwani ya Bagamoyo mwaka 1874 na watu zaidi ya 200. Tarehe 5 Novemba 1876 aliondoka Nyangwe kuingia pori letu, na aliogopa kwenda hata na watu wake tu. Alimlipa Tippu Tip amsindikize na mamia ya watu wengine. Hatuwasifu hapa: Tippu Tip alifanya biashara ya pembe na watumwa, na bunduki za misafara ile ziliumiza babu zetu. Tunasema tu kwamba hata wenye bunduki hawakupita peke yao. Alipofika Boma, Agosti 1877, wazungu watatu aliotoka nao pwani walikuwa wamekufa wote.

Tunapenda zaidi mfano mwingine. David Livingstone, ambaye mwaka 1871 alikuwa Nyangwe, alikufa tarehe 1 Mei 1873 katika nchi ambayo leo inaitwa Zambia. Watumishi wake, Susi na Chuma na wenzao, walikausha mwili wake, wakaubeba kwa miguu miezi mingi mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Baadhi yao walikufa njiani. Mtu mmoja asingeweza kufanya kazi hiyo, hata awe na nguvu namna gani. Waliweza kwa sababu walikuwa kundi lililokubaliana. Hao ndio wasafiri wakubwa, na katika masomo majina yao tunayasikia mara chache.

Sisi wa shule ya Kiprotestanti tunajua pia kwamba Bwana Yesu, alipowatuma wanafunzi wake vijijini, aliwatuma wawili wawili. Na Mhubiri, katika sura ya 4, anamhurumia mtu anayeanguka akiwa peke yake. Asitokee basi mtu wa kutuambia kwamba kungojana ni udhaifu wa imani.

Lakini kuna jambo ambalo linatuchoma roho kuliko yote. Tunasema juu ya dada zetu. Msichana hawezi kupita pori peke yake, wazazi hawakubali, na wana haki. Yeye anangoja kundi. Kaka yake akiondoka peke yake alfajiri ili afike mbele, kundi limevunjika. Dada anabaki kijijini, anangoja wiki moja, wiki ya pili, kisha wanamwambia: sasa umechelewa, utasoma mwaka kesho. Mwaka kesho wanamwoza. Hesabuni ninyi wenyewe wasichana tulioanza nao darasa la kwanza, na waliobaki darasa la tano. Hatusemi wote wamepotea kwa sababu hiyo. Lakini kijana anayejisifu kwamba alipita pori peke yake, ajiulize vizuri: nani alibaki nyuma yangu?

Kwa hiyo kamati yenu inatoa mashauri haya.

Kwa sisi wanafunzi: kabla ya konje kubwa, wote wa njia moja waandikane, wapange siku moja ya kurudi na kijiji cha kukutania. Asiondoke mtu chini ya watatu. Wakubwa wafuate mwendo wa wadogo, si wadogo wafuate wakubwa. Kiberiti kifungwe katika plastiki. Mto ukijaa, tulale ng'ambo hii. Maji ya mvua yanashuka, lakini aliyechukuliwa harudi. Ukiona njia imepotea, simama, rudi kwa alama za miguu yako mwenyewe, na usione haya kuuliza. Kuuliza si ujinga.

Kwa wazazi: mpeni mtoto barua yenye tarehe aliyoondoka, na majina ya wenzake. Barua hiyo itiwe mkono na kapita wa kijiji au na mchungaji.

Kwa wakubwa wetu wa shule, kwa heshima yote: tunaomba kwamba mwanafunzi atakayefika na barua hiyo, pamoja na kundi lake, asipewe malipizi hata akichelewa wiki moja. Tunajua mtasema: "Wavivu watajificha nyuma ya barua." Ndiyo, pengine wawili watajificha. Lakini barua ina tarehe, ina majina, na mvivu ni vigumu kupata kapita, mchungaji na wenzake watatu wa kusema uongo naye. Tena tunaomba daftari moja katika biro: nani anatarajiwa, kutoka njia gani, siku gani. Siku tatu zikipita bila yeye kufika, mtu atumwe kuuliza. Daftari moja na kalamu moja si gharama kubwa.

Shule inatufundisha kwamba kufika ni lazima. Tunakubali. Lakini kwanza tufike wote. Haraka haraka haina baraka, na mtu ni watu.

Wenye mawazo mengine juu ya jambo hili waandike. Tutayapiga katika namba inayokuja.

Kamati ya Gazeti