Kitabu cha Kuchekesha Si Upuuzi, Mpeni Mtoto

Leo sina habari za mishono. Leo nina hasira kidogo, mtanisamehe.

Wiki mbili nyuma alikuja dukani bibi harusi kupimwa, yeye na mawifi zake wawili na mtoto wa kike wa miaka minane hivi. Mtoto ni wa mume mtarajiwa, mama yake wameshaachana. Sisi tunapima, yeye kakaa pembeni anasoma hadithi za Abunuwasi na kucheka peke yake. Wifi mmoja akamnyang'anya kitabu. "Unacheka nini kama mwendawazimu? Soma vya maana!" Kisha wakaanza kujadiliana, mtoto anasikia, kama ashonewe sare ya harusi au asishonewe, maana "watu watauliza huyu ni wa nani". Mtoto kainama, hakucheka tena.

Nilinyamaza kwa sababu ni wateja. Leo sinyamazi.

Nani katuambia kitabu cha kuchekesha ni upuuzi? Mimi nilihamia Unguja kutoka Pemba nikiwa darasa la nne. Nikifungua mdomo tu, darasa zima linanicheka kwa lafudhi yangu. Nikirudi nyumbani nalia, bibi yangu ananisimulia Abunuwasi, mtu asiye na mali wala cheo lakini akili yake inawashinda wakubwa. Nikawa nacheka mpaka machozi yanakauka. Kesho yake skuli nikawa sogopi tena, nikaanza kuwasimulia wenzangu, kwa lafudhi yangu hiyo hiyo. Ndivyo nilivyopata marafiki. Hakuna kitabu cha hesabu kilichonifanyia hivyo.

Dada yangu aliyeko Uingereza alimletea mwanangu kitabu cha Zanib Mian, mwandishi Muislamu wa huko. Kilitoka mara ya kwanza 2017 kwa jina The Muslims, mwaka 2018 kikashinda tuzo ya Little Rebels, na 2019 kikatolewa upya kwa jina Planet Omar. Omar ni mtoto mwenye mawazo mengi, wazazi wake ni wanasayansi, mama yake anavaa hijabu. Wamehamia nyumba mpya na skuli mpya. Jirani anawaita "Waislamu" tu, kama vile hawana majina. Skuli kuna mtoto mbabe anayemtisha kwamba Waislamu wote watafukuzwa nchini. Ni mambo mazito hayo, lakini kitabu kinachekesha kila ukurasa, na mtoto anacheka pamoja na Omar, hamcheki Omar. Tofauti iko hapo, mashoga zangu.

Najua mtaniambia: fundi, hadithi ya kubuni ni uongo, na kuna hadithi ya Mtume (s.a.w.) inayomwonya anayesema uongo ili watu wacheke. Mimi si mwanachuoni, waulizeni masheikh wenu. Ninavyoelewa, muongo ni yule anayetaka umuamini. Mtoto anajua kabisa kuwa Abunuwasi ni hadithi, hajadanganywa na mtu.

Na Mtume wetu mwenyewe alitania na watoto. Mnamkumbuka Abu Umayr, aliyefiwa na kindege chake? Mtume alimuuliza habari za kile kindege kwa maneno ya utani ya kumfariji. Abu Umayr huyo alikuwa ndugu wa mama mmoja na Anas bin Malik. Baba wa Abu Umayr ni Abu Talha, na kwa Abu Talha, Anas alikuwa mtoto wa kambo. Ni huyo huyo Abu Talha aliyemshika Anas mkono akampeleka kumtumikia Mtume. Hakuuliza watu watasemaje.

Kinachokatazwa waziwazi ni kudharauliana. Someni Surat Al-Hujurat, aya ya 11, na humo wanawake tumetajwa mahsusi. Sasa nambieni: kati ya mtoto anayecheka na kitabu chake, na wakubwa wanaomjadili kama kitambaa kilichozidi, nani anafanya upuuzi?

Bibi harusi, ukiolewa na mwanamme mwenye mtoto, mtoto yumo ndani ya hiyo nyumba. Gauni la mtoto wa miaka minane halizidi mita mbili za kitambaa. Mnatumia mita ngapi kupamba jukwaa la siku moja? Na usiku ukikaa naye, usianze na kumrekebisha. Mwambie akusomee kilichomchekesha, mcheke wote. Utakuwa umeingia moyoni mwake bila kubisha hodi mara mbili.

Yule mtoto alikisahau kitabu chake juu ya cherehani yangu. Siku ya kujaribu nguo nitampa mwenyewe mkononi, mbele ya mawifi. Sare yake nimeshaikata. Wakitaka kulipa walipe, wasipotaka ni zawadi yangu kwake. Na wewe bibi harusi, kama unasoma hapa, unajijua. Nakupenda kwa ajili ya Allah, ndiyo maana nimesema.