Usiulize Gari Lina CC Ngapi, Uliza Tela Lina Kilo Ngapi

Wadau, tangu wauzaji wa mtandaoni wengi tuanze kutoka na mizigo kwenda minadani, Sabasaba na Nanenane, swali la matela limekuwa kubwa. Mtu ana gari dogo, anataka tela la kufungua duka barabarani, au lile la kuuza mchana na kulala humo humo usiku ili asilipie gesti. Anaanza kuniuliza, "Bro, gari langu ni CC 1500, litavuta?"

Jibu langu linawakera watu. Kuvuta, litavuta. Gari lolote lenye injini nzima linavuta tela kwenye tambarare. Kazi ni kulisimamisha, na hapo ndipo watu wanapokufa.

Mfano ni Suzuki Jimny, hii ya umbo la boksi iliyotoka 2018. Australia imeandikiwa kuvuta kilo 1,300 kama tela lina breki zake lenyewe. Kama tela halina breki, ni kilo 350 tu. Gari ni lile lile, injini ni ile ile. Sasa njoo kwa Hilux dabo kabini ya dizeli ya 2.8, ambayo kila mtu anaiona ni mnyama. Uingereza inaruhusiwa hadi kilo 3,500 kwa tela lenye breki. Lisilo na breki, 750. Na kule tela lolote ambalo uzito wake unaoruhusiwa pamoja na mzigo unazidi kilo 750 ni lazima liwe na breki zake. Hao wamevuta matela ya kulala miaka mingi kuliko sisi, hawakuweka namba hizo kwa kujifurahisha.

Sasa angalia matela tunayochomelewa mtaani. Mengi ninayoyaona ni ekseli, springi, tairi mbili na rangi nzuri. Breki hakuna. Ukikanyaga breki ya gari, breki za gari peke yake ndizo zinazobeba kila kitu, na tela linakusukuma kwa nyuma. Breki rahisi ya tela wala si maajabu: gari likipunguza mwendo, tela linasukuma mbele, shingo yake inaingia ndani kidogo na kuvuta waya unaobana breki za tairi. Fundi anayejua kazi anaweza kuifunga. Inaongeza gharama, ndiyo, na ndiyo maana wauzaji hawaitaji mpaka uulize.

Kuna dada mmoja anauza mitumba ya watoto, namheshimu sana kwa kazi yake. Amepata mkopo wa kikoba, akaniambia, "Mdogo wangu, nimeshaona tela langu." Ni kibanda kirefu, unasimama ndani, dirisha la kuuzia, kitanda cha kukunja. Alitaka alivute kwa gari lake dogo la abiria. Nikamwambia amuulize muuzaji uzito. Muuzaji akajibu, "Jepesi tu, watu wawili wanalisukuma." Hata basi kwenye tambarare watu wanalisukuma! Nikamshauri walipeleke kwenye mzani wa gari, ile mizani ya wanunuzi wa mazao au wa chuma chakavu. Likiwa tupu lilisoma kilo 480.

Tukakaa na kalamu. Rafu na meza, kilo 60. Mabalo manne ya kilo 45, ni 180. Betri na sola, 45. Turubai na viti, 35. Ndoo mbili za maji za lita 20, kilo 40, maana lita moja ya maji ni kilo moja, watu wanasahau. Jumla, kilo 840. Na hapo hajaweka godoro, jiko wala nguo zake. Yaani tela hilo bila breki, kwa zile namba za Uingereza, hata Hilux isingeruhusiwa kulivuta. Yeye alitaka kulivuta na gari ambalo ndani yake anapakia watoto wake wawili.

Hajalipa mpaka sasa. Muuzaji anamwambia mimi nina wivu. Sawa.

Kitu cha pili kinachosahaulika ni uzito unaokalia nyuma ya gari, pale shingo ya tela inaposhikana. Marekani wanashauri uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela. Kwa kilo 840, asilimia 10 tu ni kilo 84, sawa na mtu mzima aliyekaa juu ya bampa lako safari nzima. Huo unahesabiwa kama mzigo wa gari. Mwenye Probox aangalie hapa vizuri: ile ya Japani imeandikiwa mzigo wa kilo 400 ukiwa na watu wawili, na kilo 250 ukiwa na watu watano. Namba hizo ni za kubeba, si za kuvuta, na uzito wa shingo ya tela unakatwa humo humo. Ukishajaza buti halafu ukafunga tela, nyuma inalala, taa zinamulika juu ya miti, na tairi za mbele, ambazo ndizo za usukani, zinakuwa nyepesi.

Kuupima ni bei rahisi. Pakia tela kama unavyosafiri, zuia tairi na mawe, kisha egemeza shingo kwenye kipande cha mbao juu ya mzani wa kupimia watu, tela likiwa limelala sawasawa. Ukisoma kidogo mno, sogeza mzigo mbele. Usije ukaupeleka wote nyuma ili gari "lipumue". Tela zito nyuma ndilo linaloanza kuyumba kama mkia wa samaki ukifika kasi, na likishaanza, anayekanyaga breki kwa hofu analimaliza. Unachotakiwa ni kuachia mafuta, kushika usukani wima na kuacha mwendo ushuke wenyewe.

Maoni yangu kuhusu umbo, na hapa najua tutabishana: muuza vitu wa mtandaoni hahitaji kusimama ndani ya tela. Kibanda kirefu kinakula upepo. Gari dogo linasukuma ukuta mzima wa bati, mafuta yanaenda, gia boksi ya otomatiki inachemka, na lori likikupita unasikia tela linavutwa pembeni. Wamarekani tangu miaka ya 1930 wana matela madogo ya kulala yenye umbo la tone la maji, mafupi, yanajificha nyuma ya gari. Ndani unalala tu, na jiko liko nyuma chini ya mfuniko unaofunguka juu. Hilo ndilo wazo la kuiba. Mfuniko ukifunguka unakuwa kivuli, bidhaa ziko usawa wa mikono, mteja anaona kila kitu, wewe umesimama nje naye. Langu ni la futi 6 kwa 4, mfuniko ubavuni, tupu ni kilo 210. Silali humo, nalala kwenye kiti cha gari, ila nikifika nafungua dakika tano nauza.

Na gari je? Lenye chesisi chini yake, pikapu au jipu la kizamani, ndilo ninalolipendelea, kwa sababu chuma cha kuvutia kinafungwa kwa bolti kwenye chesisi yenyewe. Gari dogo la abiria halina chesisi hiyo, linahitaji chuma kilichotengenezwa kwa ajili yake, kinachoshika sehemu ngumu za bodi. Kuchomelea kwenye bampa, hapana, hata fundi akiapa. Pima na ule mpira wa kuunganishia. Wa Ulaya ni milimita 50, ya Marekani mengi ni inchi 2 au inchi 1 na 7/8. Kofia kubwa kwenye mpira mdogo inaingia vizuri, inafunga vizuri, kisha inachomoka kwenye tuta. Ndiyo maana minyororo miwili, ipishane chini ya shingo.

Halafu kuna jambo ambalo wauza matela hawatakuambia. Kama unatoka mara mbili kwa mwezi, pengine hulihitaji. Kirikuu cha kukodi kimeandikiwa kilo 350 kule Japani (hapa kwetu tunakipakia kama fuso, lakini hiyo ni mada nyingine), na hiyo inatosha mabalo manne, meza na turubai. Hela ya tela ibaki kwenye mzigo. Tela lina maana kwa anayetoka kila wiki, mwenye gari linalofaa tayari. Kununua gari jipya ili livute tela ulilolipenda ni kugeuza biashara kichwa chini.

Ukiamua kununua, jumlisha kabla na usajili, maana tela lina namba yake TRA, na bima, taa za nyuma, na tairi ya akiba yenye ringi la tela, kwa sababu la gari mara nyingi haliingii. Mlima kama Kitonga au Sekenke, kushuka weka gia ndogo mapema kabla mteremko haujaanza. Kwenye otomatiki zima O/D, weka 2 au L. Na tairi ndogo za tela zinazunguka haraka kuliko za gari, beringi zinapata moto. Kila ukisimama kununua maji, sogeza mkono katikati ya ringi pande zote mbili. Vuguvugu ni kawaida. Kama huwezi kuushikilia mkono hapo, usiendelee na safari mpaka fundi afungue aone.