Mratibu alipwe na nani?

Mwaka 2016 Zanzibar haikuwa na Sauti za Busara. Tamasha lililokuwa likijaza Ngome Kongwe kila Februari tangu 2004 lilisitishwa mwaka huo kwa sababu iliyotangazwa wazi: fedha hazikutosha. Lilirudi 2017. Mwaka 2019 ikawa zamu ya Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, DCMA, ambacho tangu 2002 kilikuwa kikifundisha udi, ganuni, fidla na ngoma katika jengo la forodha ya zamani pale Mizingani. Chuo kilisema hadharani kwamba wafadhili wakikosekana kitafunga milango.

Mara zote mbili mjadala ulikwenda njia ileile. Wapo walioilaumu serikali, wapo waliowalaumu wahisani waliofunga mikoba, na wapo waliosema wasanii wetu wamezoea kubebwa. Waliosahaulika ni watu wanaokaa ofisini: mratibu, mhasibu, anayepanga ratiba za walimu, anayehangaikia kibali cha ukumbi. Nadhani matatizo yanaanzia hapo.

Ganuni moja ina nyuzi zaidi ya sabini. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi hailei chombo. Nyuzi zinakatika na kupoteza sauti, na dukani Darajani hazipatikani. Lazima ziagizwe nje, mtu afuatilie malipo, afuatilie forodha, kisha amtafute fundi. Wakati huohuo kuna mtoto kutoka Ng'ambo ambaye mzazi wake hana ada ya mwezi, na mtu fulani lazima aamue kama arudishwe nyumbani au aendelee. Kazi hizi hazina makofi na hazipigwi picha. Zikisimama mwezi mmoja, darasa linakufa.

Utaratibu wa ufadhili nao unazikwepa kazi hizo. Andiko la mradi hupitishwa kwa ajili ya "shughuli": warsha, maonyesho, vijana kadhaa waliofunzwa. Gharama za uendeshaji hutengewa asilimia ndogo, kana kwamba warsha hujiandaa yenyewe. Kwa hiyo katika ofisi nyingi za aina hii mshahara wa mratibu hukatwa vipande na kufichwa ndani ya mistari mingine, kidogo kwenye "uwezeshaji", kidogo kwenye "ufuatiliaji na tathmini". Mradi ukiisha, naye ameisha. Anakwenda kuajiriwa hotelini au kwenye shirika la afya, na anaondoka na orodha nzima ya watu aliowajua na mambo aliyojifunza. Anayekuja baada yake huanza upya.

Watu wazima wa mjini watanijibu kwamba klabu ya taarabu ya Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa 1905 na bado ipo, bila andiko wala mfadhili. Ni kweli, na hoja hii ina uzito kuliko wanavyodhani hata wanaoitoa. Vyama vya taarabu vya Unguja viliendeshwa kwa michango ya wanachama, kwa mialiko ya harusi, na kwa fedha za kutunza. Vilikuwa na katibu na mweka hazina, na ugomvi wa uchaguzi ulikuwa mkali kama wa chama chochote cha siasa. Vikundi vya akina mama vya miaka ya 1930 na 1940, kama Nur el-Uyun na Sahib el-Ari, vilikuwa na viongozi wao, sare zao na mahasimu wao. Uhasama ule ndio uliowafanya watu watoe fedha mifukoni. Hakuna aliyekubali kundi lake lionekane limechakaa mbele ya lile jingine.

Lakini tuangalie kazi iliyokuwa ikifanywa. Kiongozi wa klabu alikuwa na shughuli yake mchana, karani au fundi au mfanyabiashara, na klabu ilikuwa ya jioni. Klabu haikuahidi kumfundisha mtoto wa mtu asiye mwanachama kwa miaka mitatu, wala kulipa walimu kila mwisho wa mwezi. Chuo cha jamii kinaahidi hivyo. Kudai kazi ya kutwa iendeshwe kwa moyo wa jioni ni kumdhulumu anayeifanya, hata kama sisi tunaiita kujitolea.

Kuna mfano mwingine ng'ambo ya bahari, Bagamoyo. Ukumbi mkubwa wa chuo cha sanaa uliteketea kwa moto mwaka 2002, na palikuwa na kila sababu ya kukata tamaa. Chuo hakikufa, mwaka 2007 kikawa wakala wa serikali kwa jina la TaSUBa. Walimu wake walikuwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali, na kwa maoni yangu hilo lilikiokoa kuliko msaada wowote wa kujenga. Jengo liliungua, lakini watu walikuwa bado wanalipwa kuja kazini.

Fedha ya serikali nayo ina gharama yake, na Wazanzibari hawahitaji kufundishwa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 muziki wa taarabu uliwekwa karibu sana na dola, vilabu vikapangwa kwa mahitaji yake, na nyimbo za kusifu zikachukua nafasi kubwa. Anayekumbuka miaka ile ana haki ya kuogopa mratibu anayelipwa na wizara. Ana haki pia ya kuogopa mkurugenzi wa asasi asiyeondoka madarakani, anayejiona yeye na programu ni kitu kimoja. Baadhi ya programu hizi zimeanzishwa na watu waliotoka nje: Hildegard Kiel alikuwa nguzo ya kuanzishwa kwa DCMA, na Yusuf Mahmoud, Mwingereza aliyefanya Zanzibar kuwa kwao, ni mwanzilishi wa Sauti za Busara. Walifanya kazi kubwa. Ila taasisi ya jamii inahitaji wenyewe ambao hawategemei viza wala urafiki wa balozi.

Basi fedha itoke wapi? Mgeni anayelala hotelini Zanzibar hulipia tozo ya miundombinu kwa kila usiku. Kila jioni, kwenye baraza za hoteli hizohizo, anapigiwa udi na akodiani akila pweza, na wengi wa wapigaji wamepitia madarasa ya bei nafuu mjini. Hoteli inapata mwanamuziki aliyekamilika bila kuchangia hata senti ya mafunzo yake. Sehemu ndogo ya tozo hiyo ielekezwe kwenye mfuko wenye kazi moja tu: kulipa mishahara ya waendeshaji wa programu za sanaa za jamii, Unguja na Pemba. Maonyesho na warsha ziendelee kutafutiwa wafadhili, kwani hizo ndizo wanazozipenda. Mikopo, ambayo kule Bara ndiyo njia inayotumiwa na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, haifai kwa kazi hii. Darasa la watoto halina faida ya kurejesha.

Masharti yachukuliwe kwenye vilabu vya zamani. Bodi ichaguliwe na wanachama wanaolipa ada, hata kama ni ndogo. Uongozi uwe na kikomo. Hesabu zibandikwe mlangoni kila mwaka kwa Kiswahili, si ripoti ya kurasa mia inayosomwa na afisa mmoja ughaibuni. Wizara itoe fedha, lakini isiwe na kiti cha kupanga nani aimbe nini.

Bajeti ya Zanzibar huanza kutumika Julai. Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi wanaopenda kukaa safu ya mbele kwenye matamasha wana nafasi ya kuuliza, kabla haijapitishwa, mstari wa mfuko huo umeandikwa ukurasa gani.